Nani Atamwambia Ageuke

3 Machi

Kwako Maranda,

Salamu zikukute umepata pa kukaa, maana najua mwenye mtoto mchanga hata barua anaisoma amesimama. Mimi nipo. Nakwambia nipo, sikwambii mzima, kwa sababu ukija kusikia kwa wengine utasema nilikuficha.

Ni tumbo lile lile. Sasa limepanda mpaka chini ya kifua. Nikila linauma, nisipokula linauma. Nimekwenda hospitali, daktari akanibonyeza hapa na pale kama mteja anayejaribu godoro, mwishowe akasema wataniingiza mpira mwembamba kinywani, wenye kamera mbele, washuke nao waone kuna nini. Nikamwambia, daktari, hata mimi fundi sikagui kabati kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Akacheka. Anasema sitasikia kitu, watanichoma sindano ya usingizi. Siyo nusukaputi ya kupasuliwa, ni usingizi mwepesi tu. Siku yenyewe ni tarehe 28.

Muuguzi wake ana maswali kuliko polisi. Unatumia dawa gani? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Una meno ya bandia? Nikamwonyesha yale matatu ya pembeni, akasema siku hiyo niyavue. Halafu akauliza, "Mzee, unakoroma?" Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima. Nikamwambia hapana, tukaendelea.

Anataka nije na mtu wa kunirudisha nyumbani. Mtu wa nini, na hospitali iko mtaa wa pili? Nitakwenda mwenyewe, na mchana nina milango ya kabati la mwalimu ya kumalizia.

Mengine ni uzee. Tangu mama yako atutoke nimekuwa naamka kichwa kizito, kama niliyebeba mbao usiku kucha, na mchana nasinzia juu ya benchi la kazi. Juzi niliamka shavu limejaa maranda ya mninga nikakukumbuka wewe, ulivyokuwa unayalalia chini ya benchi langu kama kuku kwenye kiota. Ndipo nilipokupa jina.

Usipige simu. Masikio yangu yalishaliwa na mashine ya kuranda, nitaitikia ndiyo kwa kila kitu. Andika.

Baba yako,
Msumeno


8 Machi

Baba, shikamoo.

Umenijua. Barua nimeisoma nimesimama, mtoto begani, nguo chafu miguuni. Sasa amelala, na sijui ataniachia muda gani, kwa hiyo naanza na lile lililonifanya nitafute kiti.

Unakoroma, Baba.

Usicheke kwanza. Mimi nimekulia upande wa pili wa pazia. Kitanda chenu kule, godoro langu huku karibu na mlango, na katikati kile kitambaa cha maua ambacho Mama alikifua mpaka maua yakaisha. Nilikuwa nalala kwa kusikiliza mkoromo wako. Ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, kama mtu ambaye bado yuko kazini, nami nilijua hakuna mwizi wala jini wa kuingia mahali penye sauti kama ile. Mpaka leo nyumba ikiwa kimya sana sipati usingizi. Mume wangu analala kama jiwe, hana hata mluzi, na miezi ya kwanza ya ndoa nilikuwa namgusa kuona kama yupo.

Lakini kuna wakati ulikuwa unanyamaza. Sauti inakatika tu katikati. Nami nilikuwa nabana pumzi yangu nikikungoja, nikiufanya mchezo. Nabana mpaka masikio yanavuma, nashindwa, napumua, na wewe bado. Halafu unashtuka kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini, na safari inaanza upya. Nilidhani akina baba wote wako hivyo.

Nilipopasuliwa kumtoa huyu mjukuu wako, mtaalamu wa usingizi aliniuliza swali hilo hilo. Nikamuuliza, kukoroma kunahusu nini na tumbo langu? Akavuta kiti. Akasema wako watu ambao koo hujifunga wakilala. Katika usingizi wa kawaida ni kama mtu ana mlinzi ndani yake, pumzi ikikatika anamshtua. Dawa inalegeza koo zaidi, na mlinzi naye inamlaza. Wakijua mapema wanajipanga: dawa kidogo kidogo, mpira wa hewa puani, kifaa cha kidoleni cha kupima hewa mwilini, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama unavyopumua, hiyo tu. Wasipojua, kila mtu anatazama picha za tumbo lako, na wewe umenyamaza. Watadhani umelala vizuri.

Kwa hiyo rudi kwa yule muuguzi umwambie jibu limebadilika. Mwambie na habari ya kichwa kizito na kusinzia mchana, maana huo si uzee. Na siku hiyo usiguse mashine. Dawa inabaki kichwani hata ukijiona uko sawa, na vidole vyako nimevizoea vikiwa kumi.

Ameamka. Nitamaliza siku nyingine.

Mwanao,
Maranda


12 Machi

Maranda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani.

Nimelala na mama yako kitanda kimoja, tena nilichokitengeneza mwenyewe, tangu ujana wetu mpaka alipoondoka. Unamjua mama yako. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Siku ya harusi, mbele ya ndugu zangu, aliniambia suti yangu imenifananisha na mhudumu wa hoteli. Alimwambia shangazi yako usoni kwamba anapika kama anayelipiza kisasi. Sasa mtu wa namna hiyo alale na mtu anayekoroma, asiseme hata siku moja? Kila asubuhi nilimuuliza, umelalaje? Akasema, vizuri. Basi.

Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto husikia mengi gizani. Pengine ilikuwa mashine ya kusaga ya ng'ambo.

Na kuna jambo jingine. Nilidokeza tu kwa mpokea wagonjwa, kwa njia ya mzaha, mtu akikoroma inakuwaje. Akasema wengine hupelekwa chumba kikubwa chenye mtaalamu wao, na huko kuna foleni. Tarehe itaruka. Tumbo hili halijui foleni, mwanangu. Nimepungua mpaka mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Niache nikapimwe tarehe 28 nijue moja.

Mbusu mjukuu. Kitanda chake kimebaki kupigwa msasa.

Baba yako,
Msumeno


16 Machi

Baba, shikamoo tena.

Ningeweza kuzunguka, lakini nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuzunguka.

Ni kweli Mama hakuficha maneno. Alificha moja tu. Aliniambia mwaka ule nilipokaribia kuolewa, siku tuliyoshusha kile kitambaa cha maua tukakikata vipande vya kufutia vumbi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akasema nisikwambie. Nimelitunza, na sasa nalitoa, kwa sababu naona yeye mwenyewe angelitoa.

Mlipopanga chumba chenu cha kwanza kuta zilikuwa mbao nyembamba, wapangaji kila upande. Hamjamaliza hata wiki, jirani mmoja akamwambia Mama kwenye foleni ya bomba, "Shemeji, huo msumeno wenu hauchoki? Umekata usiku kucha." Foleni nzima ikacheka. Asubuhi yake ukapita na sanduku lako la vifaa, nao wakakusalimia, "Msumeno, habari za usiku?" Ukasimama. Ulikuwa bado kibarua kwa fundi mwingine, hakuna aliyewahi kukuita kwa kazi yako. Ukatabasamu, ukawajibu, "Nzuri tu, kazi zinaendelea."

Mama alisema ndoo ilimponyoka. Lakini alikuwa ameuona uso wako. Jioni ukarudi na kipande cha ubao na kopo la rangi nyekundu, ukaandika MSUMENO kwa herufi kubwa, S imegeukia upande usio wake. Akaniambia, "Nikaona nimwache. Nilikuwa sijamwona na furaha kama ile hata siku ya suti."

Ndiyo sababu hakusema. Angekwambia unakoroma, ungeuliza toka lini, na jina lingekwenda na jibu.

Akalimaliza kwa kiwiko. Ukinyamaza, anakusukuma ubavuni na kukwambia, "Geuka, Baba Maranda." Unageuka, pumzi inarudi. Nilikuwa naisikia nyuma ya pazia kila usiku, nikadhani ni sehemu ya usingizi wenu. Unakumbuka alivyokuwa anasinzia mchana akichambua mboga, ukamtania kwamba anaota jua kama mjusi? Baba, sasa nina mtoto. Ule usingizi wa sikio moja kulala na jingine kukesha ninaujua. Mimi nina miezi mitano tu nao na nimekwisha. Yeye aliubeba ndoa nzima, na asubuhi akakwambia amelala vizuri.

Siku zake za mwisho alinishika mkono. Nilidhani ananipa wosia wa nyumba, au wa vyombo. Akasema, "Nani atamwambia ageuke?" Tarehe 28 jibu ni yule muuguzi, kama utampa nafasi.

Tarehe ikiruka, iruke. Waulize dawa ya kukushikilia mpaka zamu yako ifike. Najua tumbo linauma. Najua unachoogopa wasije wakakikuta humo, maana hata mimi nakiogopa. Lakini hilo litatibiwa kwa mtu anayepumua.

Mwanao,
Maranda


20 Machi

Maranda,

Barua nimeipata.

Kibao cha jina nimekishusha. Kimeacha alama nyeupe juu ya mlango, wateja wanauliza kama nimehama.

Nimewakumbuka wote wa foleni ya bomba, mmoja mmoja. Wengi ni marehemu. Sina hata wa kumkasirikia.

Mtoto alale salama.

Baba yako


23 Machi

Baba, shikamoo.

Nimetazama mwisho wa barua na jina halipo. Nikalia, kisha mtoto akalia kwa sauti kubwa kuliko yangu, nikamwachia zamu.

Nililoandika silifuti. Kasirika, Baba. Ninyime barua mwaka mzima. Nikimleta mjukuu umpokee yeye, mimi uniache mlangoni. Ila ukasirike ukiwa hai.

Na wale wa foleni, ni kweli walicheka. Lakini niambie, ni nani kati yao hakuja baadaye kuagiza kitanda kwako? Yule jirani wa kwanza kabisa, mwenye maneno, wanawe wote watatu walizaliwa kwenye kitanda chako. Nilikuwa chini ya benchi, nilikuwa nawasikia wakibembeleza bei. Hawakuwa wakimtafuta mtu anayekoroma. Walikuwa wakiuliza, "Msumeno yupo?" na fundi mwingine hawamtaki. Jina lilianza kwa mzaha, halafu ukalifanyia kazi mpaka mzaha ukasahaulika. Mama aliliona hilo. Ndiyo maana alicheka akiwa amekishika kile kitambaa kifuani.

Nimemwandikia Shangazi akusindikize na kukurudisha. Usinune. Siku hiyo huruhusiwi kula tangu usiku, kwa hiyo mapishi yake hayakuhusu.

Sitaandika tena mpaka nisikie kutoka kwako. Siyo kwa kukukomoa. Mtoto anataka kunyonya.

Mwanao,
Maranda


5 Aprili

Kwako Maranda, mwanangu,

Usinione nimechelewa. Ilibidi mambo yatokee kwanza.

Tarehe 28 nilikwenda, na shangazi yako nyuma yangu akibeba mkoba kama anahama. Muuguzi sikuwa nimemrudia. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilisema potelea mbali. Nikavua meno, nikalala kitandani, wakanifunga kifaa kidoleni, wakatafuta mshipa. Dawa iko kwenye bomba la sindano, naiona, nyeupe kama maziwa.

Kumbe kabla ya kukulaza wanakuuliza tena jina, wahakikishe ndiwe. Muuguzi akauliza, nikataja lile la kwenye cheti. Shangazi yako, ambaye alikatazwa kuingia na akaingia, akadakia pale mlangoni, "Hilo mtaani halijulikani. Ulizeni Msumeno."

Binti wa watu akatabasamu. Anataka tu kunipoza moyo. Akaniuliza, "Kwa nini Msumeno, mzee?"

Nikatazama dari. Bodi zake zimepigwa vibaya, misumari inaonekana. Jibu la siku zote lilikuwa kwenye ulimi, kwamba mimi ni seremala. Likakataa kutoka. Nikasema, "Kwa sababu nakoroma. Nakoroma, halafu nanyamaza. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiniambia nigeuke."

Nilidhani watacheka. Nilishajiandaa, unajua. Hakuna aliyecheka. Daktari akageuka kutoka kwenye mashine yake. Muuguzi akaiweka sindano chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akauliza, "Unanyamaza kwa muda gani?" Nikasema hilo muulizeni binti yangu, alikuwa anabana pumzi akinisubiri.

Basi hatukuendelea. Tarehe ikaruka, kama nilivyoogopa, lakini iliruka siku nne tu. Wakanihamishia chumba kikubwa, na huko nikakutana na mtaalamu wa usingizi, kijana mfupi mwenye kofia ya maua. Kofia ya maua, Maranda. Nikasema moyoni, hapa nimefika nyumbani. Akanieleza kila kitu: dawa kidogo kidogo, hewa puani, yeye hatatazama picha za tumbo hata kidogo, atanitazama mimi. Nikamwambia, fundi anayesimamia kazi moja namheshimu.

Kamera ilishuka, ikapanda, mimi sina habari. Walilokuta ni vidonda vya tumbo. Lile jingine tuliloliogopa wote wawili bila kulitaja halipo. Nimepewa dawa za wiki kadhaa. Jana nimekula nikashiba, shangazi yako ndiye aliyepika, pima mwenyewe nilivyokuwa na njaa.

Sasa nikwambie lililonikalisha.

Baada ya mpira kutolewa walinisukuma chumba cha kuamkia, bado nimelala. Yule muuguzi wa maswali alikuja akakaa ubavuni mwangu, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Anasema hapo ndipo niliponyamaza. Nilijigeuza chali, koo likafunga, mashine ya kidoleni ikaanza kulia. Akaninyanyua kidevu, akanisukuma bega, akasema, "Mzee, vuta pumzi." Nikavuta. Baada ya muda nikanyamaza tena, akanisukuma tena. Nilipoamka nikamuuliza, nimewasumbua? Akasema, "Hapana, mzee. Ila kila nikikugusa ulikuwa unanijibu."

"Nilijibu nini?"

Akaona haya kidogo. Akasema, "Ulikuwa unasema, nimeshageuka, Mama Maranda."

Nimekaa na neno hilo siku zote hizi. Kwa hiyo nilikuwa namjibu. Miaka yote ile ananiambia, na mimi namjibu, na asubuhi tunakunywa chai kama watu ambao hawakuonana usiku.

Mtaalamu wa kofia amesema atanipeleka kwa watu wa kupima usingizi wenyewe, huenda nikapewa mashine ya kulala nayo. Kwa sasa ameniambia nisilale chali. Nimechukua kipande cha mti laini nikakichonga, nikakipiga msasa mpaka kikawa kama shavu la mtoto, nikakishona mgongoni mwa fulana ya kulalia. Nimekiita Kiwiko. Nikijisahau nikalala chali, kinanisukuma, nageuka. Na nikishageuka nasema. Sasa nasema nikiwa macho, polepole, kwa upande wa kitanda wa mama yako.

Kitanda cha mjukuu kimekamilika, kitakuja na lori la mbao. Yule muuguzi naye ameagiza cha kwake. Alikuja karakana, akasimama nje akitazama juu ya mlango, akasema ameambiwa aulizie Msumeno lakini haoni kibao.

Nimekirudisha. Ile S nilitaka kuinyoosha, nikaona niiache, maana ndivyo mama yako alivyoiona siku ile.

Lala, mwanangu. Mtoto akilala na wewe lala.

Baba yako,
Msumeno